Tusingoje Giza la Tatu

Juzi jioni umeme ulikatika Mjini Zanzibar na mtandao wa simu ukaondoka nao. Katika duka moja la dawa Darajani nilimkuta bibi mmoja ameshika kichupa kitupu cha insulini. Pesa anazo, lakini zimo ndani ya simu. Muuzaji anamhurumia, ila kukopesha hana ruhusa. Tulichangishana noti pale pale, watu tusiojuana, ndipo akapata dawa yake. Hayo ni ya saa chache tu, ndugu zangu. Yakiwa ya wiki? Na yanayoweza kutukatia ni mengi, hata jua.

Tarehe 10 Mei 2024 dunia ilipigwa na dhoruba ya jua ambayo mfano wake haukuonekana tangu 2003. Siku mbili baadaye nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zikakatika chini ya bahari, Afrika Mashariki ikakwama. Jua halikuhusika na ajali ile, lakini tulionjeshwa kukosa mtandao.

Dhoruba ya jua huvuruga setilaiti na GPS, na hupitisha mkondo usiotakiwa katika njia ndefu za umeme. Machi 1989 iliangusha gridi ya Quebec, Kanada, na watu milioni 6 wakakaa gizani saa 9. Sisi tulio karibu na ikweta hatari ya transfoma kuungua ni ndogo kuliko kwao, ila umeme wetu unatoka bara kwa waya wa baharini, kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba. Gridi ya bara ikianguka, kwa jua au kwa lolote, na sisi tumo.

Na giza tunalijua! Mwaka 2008 tulikaa nalo mwezi mzima. Desemba 2009 likarudi, likakaa hadi Machi 2010. Pampu zilisimama, ndoo ya maji ikawa biashara, vichochoro vikajaa moshi wa jenereta. Mtafiti Alfredo Burlando alipochambua kumbukumbu za wodi ya wazazi alikuta watoto waliokuwa matumboni wakati wa giza la 2008 kwa wastani walizaliwa na uzito mdogo zaidi. Watoto wetu hao! Waya mpya wa megawati 100 ukaja 2013, sote tukasahau, viongozi na wananchi. Usahaulifu huo ni aibu yetu.

Sasa tuamke. Kila sheha awe na daftari la wagonjwa wa insulini na wa oksijeni, na ajue jokofu gani mtaani lina umeme wa sola. Visima vya Mji Mkongwe vilivyofunikwa vifunuliwe, maji yapimwe. Kila nyumba iweke noti kidogo, redio ya betri na uniti za akiba kwenye mita ya umeme ya Tukuza, kwani mtandao ukikatika hazinunuliki kwa simu. Manahodha, msiiache dira kwa kutegemea simu. Serikali nayo itueleze mpango wake: hospitali ina mafuta ya siku ngapi, pampu za maji zitaendeshwa na nini? Dhoruba kwa kawaida huchukua siku moja hadi tatu kutoka kwenye jua hadi kutufikia, na Hermanus, Afrika Kusini, kuna kituo kinachoangalia jua usiku na mchana. Onyo litakuwepo. Linatakiwa litangazwe kwa Kiswahili redioni, kama linavyotangazwa la upepo mkali.

Nakuombeni, katika mkutano ujao wa shehia simameni muulize daftari liko wapi. Mkiambiwa halipo, msiondoke mpaka jina la kwanza liandikwe.