Hakuna nyumbu aliyechanjwa

Ng'ombe akichinjwa kijijini kwetu Morotonga, watoto hugombea kibofu wakakipulize kiwe mpira, wazee husogea upande wa maini, na tumbo kubwa huachiwa mwenye kisu kikali na pua ngumu. Juzi, kwenye sherehe ya jirani, pua hiyo ilikuwa yangu. Tumbo linapopasuka hutoa fukuto usoni, na ndani mna majani yaliyosagwa nusu, yananuka kama pombe iliyolala. Hiyo ni kazi ya vijidudu. Ng'ombe mwenyewe hana uwezo wa kuyeyusha nyasi. Yeye huwalisha bakteria na jamaa zao, nao wakamlisha yeye.

Nikamwambia mzee aliyekuwa akinigawia nyama kwamba matumbawe ya baharini nayo huishi hivyo hivyo. Akaniangalia kwa huruma. "Mwalimu, jiwe linakula nini?"

Si jiwe, ni mnyama mdogo anayejijengea nyumba ya chokaa. Ndani ya mwili wake hukaa mwani usioonekana kwa macho, unaotengeneza sukari kwa mwanga wa jua na kumpa mwenyeji sehemu kubwa ya chakula chake. Nje, kwenye ute wa ngozi, wamejaa bakteria, baadhi yao walinzi. Maji yakipata joto kupita kiasi mwani hutoka, tumbawe linapauka, na likikaa hivyo kwa muda mrefu linakufa kwa njaa. Mwaka 1998 hicho ndicho kilichotokea Mafia na sehemu nyingine nyingi za pwani yetu.

Lakini joto halifanyi kazi peke yake. Mwaka 2002 Yael Ben-Haim na Eugene Rosenberg, watafiti wa Chuo Kikuu cha Tel Aviv, waliandika habari za bakteria waliyemtoa kwenye tumbawe lililopauka karibu na Zanzibar. Baadaye akaitwa Vibrio coralliilyticus. Maji yakiwa chini ya nyuzi 22 hana madhara. Yakifika 27 na kuendelea, anayeyusha nyama ya tumbawe ikabaki chokaa tupu. Mfugaji wa Morotonga hashangazwi na habari hizi. Kijidudu kinachovizia mwili uliochoka anakijua tangu utotoni.

Sasa swali ni la fedha. Kunusuru miamba kumekuwa kazi inayopendeza kwenye picha: wazamiaji wanapandikiza vipande vya matumbawe kwenye vichanja, wageni wanalipia kushiriki. Wengine wamekwenda mbali zaidi. Raquel Peixoto, mtafiti wa Brazili, na wenzake wanayapaka matumbawe bakteria wenye manufaa, na majaribio yao yameonyesha kwamba yanayopakwa yanahimili joto vizuri zaidi. Kwenye pwani ya Florida, ambako tangu 2014 kuna ugonjwa unaokula nyama ya matumbawe, wazamiaji hupaka dawa ya amoksisilini kwenye kidonda kimoja baada ya kingine. Kidonda kinapona, lakini tumbawe lile lile laweza kuota kingine pembeni.

Ninapowafikiria wale wazamiaji, huwaza nyumbu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Serengeti ilikuwa na nyumbu wapatao robo milioni, na ndama wao walikuwa wakifa kwa sotoka. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1970 walikuwa takribani milioni 1.3. Hakuna nyumbu aliyechanjwa. Nani angewakamata? Waliochanjwa ni ng'ombe wa vijiji vilivyozunguka hifadhi, kwa chanjo iliyotengenezwa Muguga, Kenya, na Walter Plowright. Ugonjwa ulikatwa kwenye chanzo chake, porini ukajifia wenyewe. Mwaka 2011 dunia nzima ikatangazwa kuwa huru na sotoka.

Kwa hiyo naona ng'ombe wa matumbawe ni majitaka yetu. Uchafu wa Mji Mkongwe wa Zanzibar umeingia baharini kwa miaka mingi bila kusafishwa, na miamba ya Chapwani, Changuu na Bawe iko pale pale mbele ya mji. Mwaka 2011 ilithibitishwa kwamba bakteria Serratia marcescens anayetoka kwenye kinyesi cha binadamu husababisha ugonjwa kwa aina moja ya matumbawe ya Karibiani. Na kuna jaribio la Florida ninalolipenda kuliko yote: watafiti waliweka mbolea kwenye matumbawe kwa miaka 3, magonjwa yakaongezeka maradufu na kupauka kukaongezeka zaidi ya mara tatu. Wakaiondoa. Baada ya miezi 10 matumbawe yale hayakutofautiana tena na majirani zao.

Mfano wangu una kasoro, nami naijua. Sotoka ilikuwa na chanjo. Joto la bahari halina. Mwaka 1998 ilikufa pia miamba iliyo mbali na mabomba yote ya miji, na 2024 maji yalipochemka tena pwani ya Afrika Mashariki, usafi wa maji haukuzuia kupauka. Ila tumbawe lililopauka kwenye maji safi lina nafasi ya kurudisha mwani wake. Lililopauka kwenye maji yenye kinyesi linapambana na njaa na maradhi kwa wakati mmoja. Serikali ya Zanzibar haina mkono wa kushusha joto la Bahari ya Hindi, lakini mitaro ya mji iko mikononi mwake.

Shilingi ya kwanza iende huko. Ya pili iende maabara, kwa watu wa Taasisi ya Sayansi za Bahari pale Buyu, wapime maji na kuchunguza ute wa matumbawe kabla hayajapauka. Bakteria yule wa Zanzibar yumo kwenye hazina za vijidudu za Ubelgiji na Marekani. Anatunzwa kwenye chupa ndogo, kwa namba, na anayemhitaji kwa utafiti humwagiza huko.