Hukumu ya Chunjua Iko Shinani

Ukiiacha Kamembe ya Rusizi, hapa Rwanda, na soko lake, ambamo Kiswahili cha Bukavu husikika mchana kutwa, ukapanda vilima vya kahawa hata ukafika Gashonga, utaikuta hospitali ya Mibilizi, ambayo, kama hospitali zote za vijijini, hupokea wazazi, wenye homa na waliovunjika mifupa, na pamoja nao hupokea wagonjwa wasioitaja shida yao kwa sauti: wale walioota vinyama juu ya ngozi, au juu ya utando laini wa mdomo, wa pua, wa jicho na wa sehemu za siri. Aghalabu huja wamechelewa, kwa haya au kwa sababu vinyama vyenyewe haviumi. Na aghalabu huambiwa palepale, kabla hawajatazamwa sawasawa, kwamba hizo ni chunjua, watapakwa dawa au watachomwa, kisha warudi kwao. Makala haya tumeyakusudia kuipinga haraka hiyo. Hatusemi kila chunjua ya kidole cha mtoto ikatwe na kusafirishwa; tunasema kwamba kinyama cha mtu mzima kinachokua, kinachotoka damu, kinachorudi baada ya kuondolewa, au kilichoota penye utando laini, hakina haki ya kupewa jina mpaka hadubini iwe imekitazama hadi shinani.

Chunjua ya kweli ni kazi ya kirusi cha papiloma, ambacho aina zake zilizokwisha kutambuliwa zimepita 200, na alama zake ni bayana kwa aliyefundishwa kuzisoma. Kipande kikigandishwa katika nta, kikakatwa kwa wembamba wa maikroni 4 au 5, kisha kikatiwa rangi za hematoksilini na eosini, huonyesha ngozi iliyonenepa na kupanda juu vidole vidole, kila kidole kikiwa na vishipa vya damu katikati yake. Na karibu na uso huonekana chembe ambazo kiini chao kimenywea na kukunjamana mithili ya zabibu kavu, kimezungukwa na duara tupu lisiloshika rangi. Leopold Koss na Grace Durfee walizieleza chembe hizo mwaka 1956 na kuzipa jina la koilosaiti, nao uhusiano wake na kirusi ukadhihirika miaka ya 1970. Mtazamaji akiziona, na chembe za tabaka la chini zikiwa zimejipanga kwa utaratibu, bila kugawanyika ovyo, anaweza kuandika jina kwa yakini. Lakini katika chunjua kongwe koilosaiti hupungua hata zikakaribia kutoweka, na hapo kazi huwa ngumu, kwa kuwa maradhi yanayoshabihiana nayo ni mengi na hayana nasaba moja.

Tuanze na kaswende, ambayo wazee wa pwani waliiita sekeneko. Katika daraja yake ya pili huotesha mahali penye unyevu vinyama bapa, vyenye majimaji, ambavyo hata tabibu mzoefu huweza kuvidhania vya papiloma. Chini ya hadubini ngozi imenenepa kweli, ila koilosaiti hazipo, na tabaka la chini limesongamana chembe za plazma, ambazo kiini chao hukaa upande mmoja. Na ikitumiwa rangi ya fedha, au kingamwili zilizotengenezwa kwa ajili hiyo, hujitokeza vijidudu vyembamba vilivyojisokota. Mgonjwa huyu akipakwa podofilini au akichomwa kwa umeme, vinyama vyaweza kuondoka huku maradhi yakibaki mwilini, yakamfikia mwenzi wake na mtoto aliye tumboni, ilhali kipimo cha damu kingeyafichua na sindano ya benzathini penisilini ingeyamaliza.

Buba nayo, ambayo kampeni za miaka ya 1950 na 1960 ziliipunguza mno kwa penisilini hiyohiyo, huwaotesha watoto vinyama ambavyo chini ya hadubini vinakaribia kufanana kabisa na vile vya kaswende, na vipimo vya kawaida vya damu haviyatenganishi maradhi haya mawili. Kinachoyatenganisha ni umri wa mtoto, mahali kinyama kilipoota, na makao yake. Yaani mambo ambayo hadubini haiyaoni, na ambayo mtazamaji huyapata katika karatasi ya maombi peke yake. Vivyo hivyo mtoto mwenye chunjua karibu na njia ya haja kubwa: hadubini itathibitisha kirusi, lakini haitasema kama kilimpata kwa mama yake siku ya kuzaliwa, kwa mikono ya wanaomwosha, au kwa dhuluma ya mtu mzima. Maswali hayo ni lazima yaulizwe, tena kwa upole na kwa watu wanaopaswa kuulizwa. Mtazama hadubini asithubutu kuyajibu kwa kukisia.

Puani yupo Rhinosporidium seeberi, kiumbe cha majini kilichozoeleka zaidi India na Sri Lanka, ambacho mwaka 2019 wataalamu walichapisha habari za kundi la wagonjwa wake katika Mkoa wa Mashariki wa hapa Rwanda. Vifuko vyake vilivyojaa mbegu huonekana hata kwa lenzi ndogo, na aliyewahi kuviona hawezi kuvisahau. Jichoni hatari ni kubwa zaidi. Madaktari waliofanya kazi Kigali waliandika katika jarida la Lancet mwaka 1990 juu ya uhusiano wa VVU na saratani ya utando wa jicho, na tangu hapo kinyama cheupe kando ya mboni ya kijana wa Afrika ya Mashariki si jambo la kungojewa.

Lakini linalotushughulisha kuliko yote ni ile saratani inayojivika sura ya chunjua, ambayo Lauren Ackerman aliieleza mwaka 1948 katika mdomo. Chembe zake ni pole na zimekomaa, wala hazionyeshi ule uasi tuliouzoea katika saratani nyingine. Husogea chini kwa ncha pana, zikiisukuma nyama iliyo mbele yake badala ya kuipenya. Ubaya wake wote, basi, uko shinani. Daktari akikwangua juu na kupeleka makombo, mtazamaji ataandika kwa dhamiri safi kwamba hakuona saratani, na atakuwa amesema kweli juu ya alichopewa. Naye mgonjwa ataondoka na karatasi ya kumtuliza huku shina likiendelea kushuka. Hatari ya kinyume ipo pia: kipande kikilazwa mshazari katika nta, mizizi ya kawaida ya ngozi hukatwa vibaya, ikaonekana visiwa visiwa ndani ya nyama, na mtu asiye na saratani akahukumiwa kukatwa kiungo.

Umbali si udhuru. Mwanapatholojia Michael Hutt, aliyefika Makerere mwaka 1962, aliwazoesha madaktari wa hospitali za mbali za Uganda kupeleka vipande kwa posta hadi Kampala na kurejeshewa majibu bila malipo. Leo Rwanda ina maabara za patholojia Kigali, Huye na Butaro, na madaktari hufundishwa taaluma hiyo nchini. Njia ya kutoka Rusizi hupita msitu wa Nyungwe na ni ndefu, lakini kipande kilichotiwa katika formalini ya kutosha, mara 10 ya ujazo wake, hustahimili safari hiyo. Kisichostahimili ni kile kilichofungwa katika shashi kavu kikangojea gari la kesho.

Jambo moja limebadilika, nalo linaipa hoja yetu nguvu. Mwaka 2011 Rwanda ilitangulia nchi zote za Afrika kuwachanja wasichana wa nchi nzima dhidi ya papiloma, kwa chanjo iliyozuia aina za 16 na 18, zenye kuleta saratani, pamoja na za 6 na 11, zenye kuleta chunjua za sehemu za siri. Kadiri chunjua za kweli zitakavyopungua kwa wanawake wa kizazi kile, ndivyo vinyama vinavyofanana nazo vitakavyokuwa fungu kubwa zaidi la vile vitakavyobaki, na tabibu anayekisia atakosea mara nyingi kuliko alivyokosea mwalimu wake.

Kwa hiyo tunawaomba matabibu na wauguzi wa Gashonga na wa kila hospitali iliyo mbali na maabara: kateni hadi shinani, tieni formalini papo hapo, na katika karatasi ya maombi andikeni umri wa mgonjwa, mahali kinyama kilipoota, muda kilichokaa, dawa kilichokwisha kupakwa, na majibu ya vipimo vya kaswende na vya VVU. Nasi tunaokaa mbele ya hadubini, tukiletewa kipande kisicho na shina, tuandike waziwazi kwamba hakitoshi na tuombe kingine.