Guangzhou: mzigo karibu, mwenye mzigo subiri kwanza

Hapa mtaani kwetu Guangzhou imeshakuwa kama jina la kitongoji cha jirani. Ukikaa kijiweni robo saa tu lazima umsikie mtu anasema "nasubiri mzigo wangu kutoka China". Na wapo vijana wanaoota kwenda kuishi huko kabisa, wapange chumba, wawe wanatuma mizigo wenyewe. Leo nataka tuongee kuhusu hao. Maana habari za mizigo tunazo kila siku, ila habari za mtu aliyeko kule, analala wapi na anaogopa nini, hizo hatuambiwi.

Tuanze na mazuri. Guangzhou imezoea wanunuzi wa kigeni, maonyesho makubwa ya biashara ya Canton yanafanyika pale tangu 1957, mara mbili kwa mwaka. Waafrika wengi walianza kujazana miaka ya mwisho ya 1990, na wana maeneo yao mawili maarufu, Xiaobei na Sanyuanli. Xiaobei utakuta jengo la Tianxiu, maduka chini mpaka juu, migahawa ya Waislamu wa Kichina, wasafirishaji wa mizigo, vinyozi wanaojua nywele zetu. Jumapili wengi wanakwenda kwenye kanisa kuu la Katoliki la mawe, Ijumaa msikitini. Lugha nayo inapatiwa dawa, muuzaji anaandika bei kwenye kikokotoo, wewe unafuta unaandika yako, mnavutana hivyo hivyo mpaka mnaelewana bila neno hata moja.

Sasa tatizo liko wapi? Kwa mtazamo wangu tatizo sio lugha wala chakula wala baridi. Tatizo ni karatasi.

Viza ya biashara, ile ya herufi M, ni ya kuingia, kununua na kuondoka. Siku unazopewa mara nyingi ni 30 hivi. Sasa jiulize, kontena unaliagiza, kiwanda kinachelewa, rangi imekosewa, wewe siku zako zinayoyoma. Hapo ndipo mtu anaanza kuzamia, sio kwa sababu ni mhalifu, bali mzigo wake haujakamilika na pesa ya watu imo ndani.

Sheria ya wageni iliyoanza kufanya kazi Julai 2013 haina mchezo. Ukizidisha siku faini inaweza kufika yuan 500 kwa kila siku moja, mpaka yuan 10,000, au unawekwa ndani siku 5 hadi 15. Ukipanga nyumba ya mtu badala ya hoteli, ndani ya saa 24 uwe umejiandikisha kituo cha polisi. Na hapa ndio kuna utamu wa hiyo sheria, mwenye nyumba anayemficha mgeni asiye na kibali naye anapigwa faini, na raia wametakiwa kutoa taarifa wakimwona mgeni wa hivyo. Yaani mwenye nyumba amegeuzwa kuwa askari! Ndio maana mtu ana pesa mkononi na bado anaambiwa chumba hakuna.

Wengine wanasema si uoe tu huko? Ukioa Mchina unaweza kupata kibali cha familia, lakini hicho hakikupi ruhusa ya kufanya kazi, ndio maana duka nyingi zinaandikwa jina la mke. Na mtoto wenu, sheria ya uraia ya China ya 1980 haikubali pasi mbili. Achague moja.

Hasira zilishawahi kupasuka. Julai 2009 Mnigeria mmoja aliruka dirishani akikimbia ukaguzi wa pasi, akaumia vibaya, na Waafrika wenzake wakaenda kukizunguka kituo cha polisi. Lakini kilichonifungua macho mimi ni Aprili 2020, wakati wa korona. Waafrika walitolewa kwenye nyumba na hoteli, wengine wakalala barabarani. Waliopimwa kwa lazima walizidi 4,500. Na humo walikuwemo wenye viza safi, waliolipa kodi ya nyumba, ambao hawakuwa wamesafiri popote. Mabalozi wa Afrika kule Beijing wakaandika barua kulalamika. Kwa hiyo hata ile karatasi tunayoihangaikia, siku ya shida haikumlinda mtu.

Kabla hatujawatupia Wachina mawe, tujiangalie na sisi. Mwaka 2025 serikali ya Tanzania ilitoa amri ya kuwazuia wageni kufanya biashara 15, zikiwemo ufundi simu na saluni, baada ya malalamiko mengi ya wafanyabiashara wa Kariakoo. Wengi tulishangilia. Sikatai, mzawa ana haki ya kulinda riziki yake. Ila ujue yule Mchina aliyefunga kibanda Kariakoo na yule kaka yetu anayejificha Sanyuanli wanaamka na swali moja, leo nitaulizwa pasi au la?

Msimamo wangu ni huu. Nchi zetu zinasaini mikataba ya barabara, bandari na reli na China kila kukicha. Kwa nini hazikai mezani kuzungumzia na viza za wafanyabiashara wadogo, za miezi sita au mwaka, kwa pande zote mbili? Bidhaa zina njia yake iliyonyooka, binadamu aliyezinunua anapita vichochoroni.

Na wewe unayefunga begi, usidanganywe na wakala anayekwambia "ukishafika utajua mbele kwa mbele". Soma viza yako ina siku ngapi, jiandikishe siku ileile unayofika, na usitume pesa ya mzigo kama siku zako hazitoshi kuusubiri.

Mlioko huko Guangzhou tuambieni, hali ikoje sasa hivi? Na mlioko Kariakoo pia, nimekosea wapi? Karibuni tujadili, bila matusi tafadhali.