Anayekufuata unyounyo mpishe, nawe usimgande wa mbele

Msomaji mpenzi, ukitaka kujua tabia halisi ya mtu, usimtazame akiwa kanisani au akikaribisha wageni sebuleni. Mpe usukani, kisha umweke nyuma ya lori lililosheheni saruji likipanda mwinuko wa Kinungi kwa mwendo wa konokono. Baba mpole ambaye nyumbani hainui sauti utamsikia akifyonza, akipiga honi na kulisogelea lori lile hadi bampa zikaribie kubusiana.

Mama aliyeketi kando yake hukanyaga breki ambayo haipo. Watoto kule nyuma, waliokuwa wakiimba tangu Nakuru, hunyamaza ghafla. Hakuna anayesema neno, kwa maana Baba ndiye dereva na Baba haambiwi.

Mtindo huo wa kumfuata mwenzako unyounyo ndio nitakaouzungumzia Jumapili ya leo, pamoja na nduguye wa toka nitoke, yaani ukosefu wa adabu ya leni. Wengi wetu huuona kama kero ndogo ya safari. Ukweli ni kwamba si kero ndogo hata kidogo.

Barabara yetu kuu inayotoka Nairobi, ikapita Naivasha, Gilgil na Nakuru, kisha ikapanda hadi Mau Summit na kuelekea Eldoret na Malaba, ndiyo mshipa wa eneo hili zima. Humo hupita mizigo ya Uganda, Rwanda na mashariki ya Kongo. Humo humo hupita viazi vya Molo, wanafunzi wanaokwenda Egerton, na jamaa wanaorudi mashambani kwa Krismasi. Kwa miaka mingi sehemu yake kubwa imekuwa na leni moja ya kwenda na moja ya kurudi, na wote hao hulazimika kugawana lami hiyo moja.

Ndiyo maana majina kama Karai, Salgaa, Migaa na Sachangwan yanajulikana kwa misiba kuliko kwa mavuno. Usiku wa tarehe 10 Desemba 2016, pale Karai karibu na Naivasha, lori lililobeba kemikali inayoshika moto upesi lilipoteza mwelekeo, likagonga magari mengine na kulipuka. Watu wapatao 40 walifariki. Mwaka mmoja baadaye, alfajiri ya 31 Desemba 2017, basi na lori yaligongana uso kwa uso pale Migaa na watu 36 wakafa. Jioni ya 30 Juni 2023, kwenye makutano ya Londiani katika barabara ya kwenda Kericho, lori la kontena lilimshinda dereva, likavamia magari na wachuuzi waliokuwa kando ya barabara. Watu 52 walipoteza maisha yao.

Ajali hizo hazikufanana, wala sisemi kwamba zote zilitokana na madereva kugandana. Lakini zinatufunza somo moja. Mambo yanapoharibika katika barabara hii, kinachoweza kumwokoa mtu ni nafasi aliyokuwa amejiwekea kabla hayajaharibika.

Hesabu ya sekunde mbili

Wanafunzi, chukueni kalamu. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hukimbia mita 22 kila sekunde. Dereva aliye macho kabisa huhitaji kama sekunde moja hivi kuona hatari na kuhamisha mguu hadi kwenye breki. Kwa hivyo mita 22 zimekwisha kabla breki haijaguswa! Baada ya hapo gari dogo, lenye magurudumu mazuri na kwenye lami kavu, litahitaji karibu mita 40 zaidi ili lisimame.

Sasa mtu aliye mita 5 nyuma ya lori anategemea nini? Anategemea bahati, na bahati haina breki.

Kanuni inayofundishwa madereva duniani kote ni rahisi. Chagua alama iliyo mbele, iwe ni mti, nguzo au daraja. Gari lililo mbele yako likiipita, anza kuhesabu polepole: mia moja na moja, mia moja na mbili. Ukiifikia alama hiyo kabla hujamaliza, umemkaribia mno. Punguza mwendo. Mvua ikinyesha, au ukungu ukitanda kule juu Mau Summit, hesabu hadi nne. Kazi hii wape watoto walioketi nyuma. Wataipenda, na Baba atajikuta anasahihishwa bila ya mtu kumkaripia.

Kuna atakayesema, "Nikiacha nafasi, watu watajipenyeza na nitachelewa." Haya, tuhesabu tena. Ukiwa kwenye kilomita 80 kwa saa, ukafunga pengo la mita 45 hadi likabaki mita 5, umejiongezea mita 40. Hizo ni chini ya sekunde 2. Umehatarisha familia nzima kwa muda usiotosha hata kupiga chafya.

Hata anayekwenda kasi zaidi hapati makubwa. Kutoka Nakuru hadi Naivasha ni kama kilomita 70. Anayekwenda 80 atatumia dakika 52 hivi, na anayekwenda 100 atatumia 42. Tofauti ni dakika 10, muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai. Na mara nyingi utamkuta yule yule aliyekupita kwa vishindo amekwama mbele yako katika foleni ya malori kwenye mizani ya Gilgil.

Nafasi si yako peke yako

Jambo ambalo madereva wengi hawalitambui ni kwamba pengo lililo mbele yako si mali yako. Ni akiba ya wote. Gari dogo linalokwenda 80 likitaka kulipita trela linalokwenda 60, litahitaji kama sekunde 11 kutoka, kupita na kurudi salama. Katika muda huo litakuwa limekwenda mita 240, na gari linalokuja kutoka upande wa pili kwa mwendo wa 80 nalo limekula mita 240. Yaani unahitaji karibu nusu kilomita ya barabara iliyo tupu, unayoiona kwa macho yako.

Sasa malori mawili au matatu yakigandana kama mabehewa ya gari moshi, anayepita hana pa kurudi. Ni lazima ayapite yote au afe akijaribu. Dereva anayeacha nafasi mbele yake amemwekea mwenziwe mlango wazi. Anayeifunga kwa makusudi, ati "huyu ananidharau", ameshiriki katika lolote litakalotokea.

Tena, ukijibana kwenye mkia wa trela huoni kitu ila matope na maandishi ya mlango wake. Ukirudi nyuma kidogo, barabara yote hufunguka mbele yako. Anayekaa mbali ndiye anayepita vizuri.

Anayekusukuma kutoka nyuma

Na je, ukiwa wewe ndiwe unayefuatwa? Umeshika mwendo halali, mara kiooni unaona taa kali zikiwaka na kuzima. Hapa ndipo damu hupanda. Kuna wanaokanyaga breki ghafla ili kumtisha aliye nyuma. Kuna wanaoongeza kasi kila anapojaribu kupita. Wote wawili wamekubali kupigana vita ambavyo hawakuvianzisha, na wamepeleka watoto wao vitani.

Fanya hivi badala yake. Kwanza, ongeza nafasi iliyo mbele yako. Aliye nyuma akiwa karibu mno, wewe huna ruhusa ya kufunga breki ghafla, basi jipe nafasi ya kupunguza mwendo taratibu ili naye apate muda. Pili, kaa upande wako wa kushoto, shika mwendo mmoja usiobadilika, na umwache apite penye nafasi. Tatu, akiendelea kukuganda, washa ishara mapema, ingia kwenye kituo cha petroli au mahali pengine salama, na umwache aende na haraka zake. Hujashindwa. Aliyemwepuka mwendawazimu sokoni haitwi mwoga.

Lakini angalia sana. Unapoteremka kutoka Mau Summit kuelekea Salgaa, lori linalokukaribia kwa honi na taa huenda halina ujeuri wowote. Huenda breki zimekufa. Breki zikikanyagwa mfululizo kwenye mteremko mrefu hupata moto na kuacha kushika. Tena kuna madereva wa malori wanaoteremka bila gea ili kuokoa mafuta, na hapo injini haiwasaidii kamwe kupunguza mwendo. Lori lililojaa laweza kufikia tani 56, uzito wa juu unaoruhusiwa kwa trela kubwa kabisa. Mzigo kama huo haubishiwi. Lipishe mara moja, toka kabisa barabarani ukiweza, ndipo uulize maswali.

Baada ya vifo vya Migaa, kuta za zege ziliwekwa katikati ya barabara sehemu za Salgaa na Sachangwan ili kuwatenganisha wanaopanda na wanaoteremka. Ni jambo jema. Hata hivyo, ukuta humzuia anayekuja mbele yako, haumzuii anayekujia nyuma.

Adabu ya leni

Mwishoni mwa mwaka wa 2025 ulizinduliwa ujenzi wa kuipanua barabara hii kutoka Rironi hadi Mau Summit. Wengi walishangilia, na ni haki yao. Lakini lami pana haileti adabu. Waulize wanaotumia barabara ya Thika, iliyofunguliwa rasmi mwaka wa 2012. Leni ni nyingi, ilhali utamwona mtu ameikalia ya kulia kabisa kwa mwendo wa 50, anaongea na simu, huku wengine wakimpita kwa kushoto na kulia kama nyuki.

Kanuni yetu ni kuendesha kushoto na kupita kwa kulia. Leni ya kulia ni ya kupita, si ya kustarehe. Ukishapita, rudi kushoto. Penye mwinuko, ambapo leni ya ziada imewekwa kwa magari yanayopanda polepole, anayejikokota aitumie hiyo. Mwenda pole naye ana wajibu wake. Foleni ikirefuka nyuma yako, tafuta mahali uwapishe. Ukaidi wake ndio unaomfanya wa kumi katika foleni akate tamaa na kutoka penye kona.

Halafu kuna lugha yetu ya taa. Dereva wa lori akiwasha indiketa ya kushoto, humaanisha "pita". Akiwasha ya kulia, "usipite, kuna anayekuja". Ni wema mkubwa, lakini hauandikwi katika sheria. Ya kulia yaweza pia kumaanisha kwamba anakata kona kuingia Kikopey kula nyama. Mshukuru, lakini usipite kwa macho ya mtu mwingine. Ukiona matawi ya miti yametandazwa kwenye lami, punguza mwendo papo hapo, kwani mbele kuna lori lililoharibika, na usiku huenda halina hata taa moja.

Abiria pia wana mdomo

Tusiotumia magari yetu wenyewe tusijidhanie watazamaji. Sheria za matatu zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, wakati John Michuki alipokuwa waziri wa uchukuzi, zilileta mikanda na vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa. Lakini kidhibiti mwendo hakimkatazi dereva kumganda mwenziwe kwa hizo hizo 80.

Hapo ndipo abiria 14 hunyamaza kama maji mtungini, kila mmoja akisubiri mwingine aseme. Sema wewe, kwa heshima: "Dereva, ndugu yangu, mwachie huyo wa mbele nafasi kidogo." Makanga huenda akakujibu kwamba anayeogopa anunue gari lake. Si kitu. Mara nyingi sauti ya kwanza ikitoka, ya pili na ya tatu hufuata, na dereva huona haya. Na wewe mwanafunzi, usidhani kuwa umri wako unakunyima haki ya kufika nyumbani.

Nanyi akina mama mnaokanyaga breki isiyokuwapo, semeni kabla ya safari, gari likiwa bado nyumbani na chai ikiwa mezani. "Baba watoto, leo tutahesabu sekunde mbili." Maneno hayo yakisemwa asubuhi hupokelewa vyema. Yakipigiwa kelele pale Mbaruk, huzua ugomvi, na dereva mwenye hasira ni hatari kuliko mwenye haraka.

Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Wao hawakuwahi kuliona trela likiteremka Sachangwan, lakini walijua walilosema. Kwa hivyo wiki hii, unapotoka, mwachie wa mbele nafasi na umpishe wa nyuma.

Safari njema, na Jumapili njema.