Dawati kwa Jina la Marehemu

Akina mama wafanyao biashara katika soko la Gakoromone, mjini Meru, wametuandikia wakiuliza: aliyefiwa na mwana, baada ya kisomo na chakula cha hitima, amfanyie nini zaidi marehemu wake? Na je, mwanamke aweza kusimamia sadaka kubwa, au hilo ni la wanaume?

Kabla ya hukumu, tumtaje mwanamke wa zama zetu. Bi Mwanaidi Sinare Maajar wa Tanzania ni wakili, miongoni mwa walioasisi Rex Attorneys, kampuni ya mawakili ya Dar es Salaam. Mwaka 2006 akawa Balozi wa nchi yake London. Mwaka 2010 akahamishiwa Washington, akakaa huko hadi 2013. Vyeo hivyo si haba, lakini sivyo vilivyotufanya tumtaje.

Bi Mwanaidi alifiwa na mwanawe, Hassan. Familia ikaanzisha Hassan Maajar Trust, taasisi yenye jina la kijana huyo, na kazi yake iliyojulikana zaidi ni kuchangisha madawati ya shule. Asiyezijua shule zetu ataliona jambo dogo. Watoto wengi walikuwa wakisoma wameketi sakafuni, daftari juu ya goti. Serikali ya Tanzania ilipoondoa ada mwanzoni mwa 2016, wanafunzi walimiminika hata Rais Magufuli akaagiza upungufu wa madawati umalizwe mwaka huohuo. Taasisi ya Hassan ilikwisha kuianza kazi hiyo kabla ya agizo.

Chakula cha hitima huliwa siku moja (nasi hatukikatazi, tumekila sana). Dawati hukaliwa mwaka baada ya mwaka. Saad bin Ubada, Allah amridhie, alipofiwa na mama yake alimuuliza Mtume, rehema na amani zimshukie, kama sadaka ingemfaa marehemu. Akajibiwa kuwa itamfaa, naye akaitoa bustani yake, mali izaayo kila msimu.

Hata hivyo, akina mama wa Gakoromone wasiipite hekima ya kiwakili iliyomo humu. Fedha za sadaka zisikae mkobani pamoja na mtaji wa ndizi na maharagwe. Ziwe na daftari lake. Watu wawili watie sahihi kabla ya shilingi kutoka. Na seremala alipwe kwa risiti.

Ama uwezo wa mwanamke, Sura an-Nisaa, aya ya 32, imemthibitishia fungu lake katika alichokichuma. Kumshauri mume ni uungwana na mapenzi, lakini faida ni mali yake, na sadaka itokayo humo ni yake. Ila fedha anazodaiwa na muuza jumla, hizo zilipwe kwanza, dawati litasubiri.