Figo za shangazi na sindano ya CT Scan

Wadau, wiki iliyopita nilimsindikiza shangazi yangu wa Mbagala kupiga CT Scan ya tumbo. Kijana wa mapokezi akampa karatasi: "Mama, weka sahihi hapa." Karatasi yote Kiingereza! Shangazi ana sukari mwaka wa 12 huu, ana presha, na magoti yakimsumbua anameza diklofenaki kama karanga. Nikaisoma mwenyewe, nikakuta swali: una ugonjwa wa figo? Atajuaje? Figo hazilalamiki mpaka zimeshachoka.

Kwa wasiojua, vipimo vingine vya CT lazima uchomwe dawa mshipani ili mishipa na uvimbe vionekane vizuri. Dawa hiyo ina madini joto, kama yale ya kwenye chumvi ila mengi zaidi, na figo ndizo zinazoyatoa kwa njia ya mkojo. Zikiwa tayari ni dhaifu sana, zinaweza kuzidiwa ndani ya siku 2 au 3.

Sasa msinielewe vibaya. Ile habari ya kwenye daladala kwamba sindano ya CT inaua figo, achaneni nayo. Mwaka 2020 American College of Radiology na National Kidney Foundation za Marekani zilitoa tamko la pamoja kwamba hofu hii ilikuzwa mno. Wa kuangaliwa hasa ni wale ambao uwezo wa figo kuchuja uko chini ya 30, wakati kijana mwenye afya huwa na 90 na zaidi. Hao huongezewa maji kwa dripu, na kama wanatumia metfomini huisimamisha kwa muda. Kukimbia kipimo wakati una uvimbe tumboni ni kujimaliza mwenyewe.

Kinachonikera ni kwamba namba hiyo inatokana na kipimo cha damu tu, kreatinini. Figo zikifa unasafishwa damu mara 3 kwa wiki. Muhimbili walianza kupandikiza figo mwaka 2017, sawa, lakini nani ana ndugu wa kumpa figo leo leo? Na bado swali lenyewe tunamuulizia mama wa Mbagala kwa Kiingereza!

Yule kijana, nimsifu, hakununa. Akampigia daktari, shangazi akatolewa damu, picha ikasogezwa kesho yake. Namba ikaja 41. Akachomwa, akapiga picha, salama. Diklofenaki daktari amezipiga marufuku.

Kwenye bajaji akanigeukia: "Mwanangu, miaka 12 naenda kliniki ya sukari, mbona hizi figo hawakuwahi kuniambia zikoje?"