Introni Adimu Si Takataka

Juzi mwanafunzi mmoja wa hapa Voi aliniletea daftari lake la biolojia. Alikuwa ameandika, kwa hati safi kabisa, kwamba introni ni takataka ya jeni. Pembeni palitiwa alama ya vema. Nilisikitika.

Tangu mwaka wa 1977, Richard Roberts na Phillip Sharp walipozigundua introni, tunajua kwamba ujumbe wa RNA hunakiliwa ukiwa na vipande ambavyo havitumiki kuunda protini. Seli huvikata na kuziunga sehemu zilizosalia, mithili ya fundi cherehani anayetoa kipande cha kati na kushona ncha mbili. Kosa la herufi moja tu laweza kupotosha ujumbe mzima.

Mitambo ya kazi hiyo ni miwili. Mmoja hukata karibu introni zote. Wa pili, uliothibitishwa katika miaka ya 1990, hushughulikia zile adimu tu: kwa binadamu ni kama 700 hivi kati ya zaidi ya laki mbili, yaani chini ya nusu asilimia. Sidai kwamba kila introni ina faida. Ninalosema ni kwamba kuzikata hizo chache ni suala la kufa na kupona.

Ushahidi uko kwenye gunzi la mahindi. Mwaka wa 2017 watafiti nchini Marekani walieleza habari za mahindi yenye hitilafu katika jeni iitwayo RGH3, inayousaidia mtambo huo wa pili. Introni adimu zilibaki ndani ya ujumbe. Seli za sehemu ya punje inayohifadhi wanga ziliendelea kugawanyika badala ya kukomaa, na punje zikatoka ndogo, zenye mashimoshimo. Jeni mwenzake kwa binadamu, ZRSR2, huwa imeharibika kwa baadhi ya wagonjwa ambao seli changa za damu hushindwa kukomaa katika uboho wao. Mahindi na mtu, kasoro moja!

Kwa nini basi mtoto wa Wundanyi au Mwatate, anayepukuchua mahindi nyumbani kwao, akaririshwe neno takataka? Mwalimu na aingie darasani na gunzi mkononi. (Punje zilizosinyaa mashambani mwetu kwa kawaida ni za ukame, hilo nalo lielezwe, wasije wakadhani kila punje mbovu ina jeni mbovu.)

Kijana yule nilimweleza hayo, nikamrudishia daftari. Ile alama ya vema sikuifuta, nimemwachia aliyeitia.